Seramu ya hayaluroniki inaleta unyevu au inakausha ngozi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa Tanga wanaotumia seramu ya asidi ya hayaluroniki, yaani yale matone mepesi ya kupaka usoni, au waliokwisha kuishika dukani wakasita. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni haya: chupa imeandikwa kwamba inaleta unyevu, mbona uso umebana na kupauka? Jibu kwa ufupi: seramu haileti maji mapya zaidi ya yale machache yaliyomo kwenye matone yake. Kazi yake ni kuyashikilia maji yaliyopo kwenye ngozi. Ukiipaka juu ya uso mkavu, au ukaiacha bila mafuta juu yake, usitarajie makubwa.

Hayaluroniki ni kitu gani hasa?

Ni msururu mrefu wa sukari ambao mwili wenyewe hutengeneza. Umo kwenye ngozi, kwenye maungio na ndani ya jicho. Waliougundua ni Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1934, walipokuwa wakichunguza ute wa jicho la ng'ombe. Mtu mzima wa kilo 70 anakadiriwa kuwa na gramu 15 hivi mwilini, karibu nusu yake ikiwa ngozini, na takribani theluthi huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Kwenye orodha ya viambato nyuma ya chupa, mara nyingi utaikuta kwa jina la Sodium Hyaluronate, ambayo ni chumvi yake. Ni kitu kile kile kwa matumizi yetu.

Neno "asidi" linanitia hofu. Haitanichubua?

Haichubui. Asidi zinazoondoa ngozi iliyokufa ni nyingine, kama salisiliki na glikoliki. Hii haina kazi hiyo kabisa.

Sasa dada, niambie ukweli: inakausha au haikaushi?

Hayaluroniki yenyewe haikaushi. Ila namna watu wengi wanavyoitumia inawaacha wakiwa wakavu, na hilo si kosa lao, kwa sababu wauzaji wengi hawaelezi.

Tuanze na ile hisia ya kubana. Hayaluroniki yenye molekuli kubwa haiingii ndani ya ngozi. Hukaa juu na kutengeneza utando mwembamba. Maji ya seramu yakishakauka, utando ule hujivuta, na wewe unasikia mashavu yamekaza. Kubana huko si lazima kuwe na maana kwamba ngozi imepoteza maji. Paka mafuta kidogo juu yake, mara nyingi hisia hiyo huondoka hapo hapo.

Jambo la pili ndilo ninalolikuta zaidi. Mtu alikuwa anapaka mafuta ya nazi au losheni kila siku na ngozi yake ilikuwa nzuri. Akanunua seramu, akaona hiyo ndiyo ya kisasa, mafuta akayaacha. Baada ya wiki mbili anakuja na uso umepauka, kwenye kingo za pua ngozi inabanduka, analaumu seramu. Ukavu ule umetokana na mafuta aliyoyaacha. Tabaka la juu kabisa la ngozi kwa kawaida huwa na maji kama asilimia 20 hadi 30, na yakishuka chini ya asilimia 10 ngozi hukakamaa na kupasuka. Maji hayo yanataka kitu cha kuyazuia yasipae, na seramu ya maji matupu haiwezi kazi hiyo peke yake.

La tatu ni lile la hewa kavu. Wapo wanaosema hewa ikikauka, hayaluroniki hukosa maji ya kuvuta hewani, ikageuka kuyanyonya kutoka ndani ya ngozi. Wazo lenyewe si la kipuuzi, lakini limetiwa chumvi. Piga hesabu. Seramu nyingi zina hayaluroniki kati ya asilimia 0.1 na 2. Chukua ya asilimia 1, paka matone matatu, ambayo kwa pamoja ni kama gramu 0.15. Hayaluroniki iliyofika usoni kwako ni miligramu moja na nusu tu. Wakati huo huo, mtu mzima hupoteza kupitia ngozini, bila hata kutoa jasho, takribani mililita 300 hadi 400 za maji kwa siku. Miligramu moja na nusu haina ubavu wa kuikausha ngozi kutoka ndani. Kinachokausha ni hewa kavu yenyewe, na seramu imeshindwa kuizuia kwa sababu haikufunikwa.

Tangazo linasema inashika maji mara elfu moja ya uzito wake. Ni kweli?

Siiamini hesabu hiyo kwa namna inavyotumiwa. Mara elfu ni sawa na kuweka gramu 1 kwenye lita 1 ya maji. Ukifanya hivyo unapata maji mazito kidogo, yanayoteleza. Lakini maji hayo hayajafungiwa humo. Ukiyaacha kwenye sahani yanakauka kama maji mengine yoyote. Hayaluroniki inashika maji vizuri, hilo halina ubishi. Mara elfu ni maneno ya biashara.

Tanga kuna joto na unyevu tele. Kweli naihitaji?

Wengi hamuihitaji, na nasema hivi nikijua wapo watakaokasirika. Hewa ya pwani yetu ina unyevu ambao mara nyingi hupita asilimia 70, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, nguo zenyewe zinagoma kukauka kwenye kamba. Mama anayeuza samaki Deep Sea asubuhi mpaka mchana, uso wake hauna shida ya hewa kavu. Shida yake ni jua na jasho la chumvi.

Anayeweza kufaidika ni yule anayeshinda kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi hupoza hewa na kuitoa maji. Ndiyo yale matone unayoyaona yakidondoka kwenye bomba nje ya ukuta. Mtu anayekaa kaunta kwa muda wa saa nane benki au ofisini, jioni akijishika shavu analikuta limekauka ingawa nje ni Tanga ile ile yenye fukuto. Kadhalika anayesafiri na basi la kiyoyozi, upepo ukimpuliza usoni toka stendi ya Kange mpaka Dar es Salaam. Wengine ni wenye umri mkubwa, kwa sababu ngozi huzidi kuwa kavu kadiri miaka inavyokwenda, na wanaotumia dawa za chunusi zinazokausha.

Kwa kijana mwenye ngozi ya mafuta anayeishi Makorora na kufanya kazi nje, seramu nyepesi isiyo na mafuta inaweza kumtosha bila kitu kingine usiku. Huyu ni wa pekee. Hewa yetu inamsaidia.

Binti yangu anasoma Dodoma. Akiwa nyumbani seramu inamkubali, akirudi chuo inamkataa. Kwa nini?

Kwa sababu amebadilisha hewa bila kubadilisha utaratibu. Dodoma ni nyanda kavu. Kwa mwaka hupata mvua isiyofika hata nusu ya tunayoipata Tanga, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu haipo kabisa, upepo unavuma siku nzima. Nyumbani alikuwa anapaka seramu peke yake, unyevu wa hewa ukamfunika. Kule maji ya usoni yanapaa ndani ya dakika chache.

Mwambie hivi: akinawa asijifute mpaka uso ukauke, apake seramu ngozi ikiwa mbichi, na kabla haijakauka apake losheni nzito au mafuta ya mgando kidogo sana. Akiona bado hapati nafuu, aiache seramu abaki na losheni mpaka mvua zianze. Kwake losheni ndiyo ya lazima.

Wanaopanda Lushoto mwezi wa saba wafuate utaratibu huo huo. Kule shida ni baridi, pamoja na maji ya moto ya kunawia ambayo watu huyapenda kupita kiasi.

Niipakeje?

Hapa nitakwenda taratibu, maana ndipo penye tofauti.

Nawa uso kwa maji ya kawaida. Kwa taulo safi gusagusa mara moja, usisugue. Uso ubaki na maji ambayo ukiweka kidole kinalowa lakini hayachuruziki. Weka matone mawili au matatu kiganjani, si kumi. Yagawe paji la uso, mashavu na kidevu, kisha bonyeza kwa viganja badala ya kusugua. Kwa muda mfupi utasikia vidole vinanata kidogo. Hapo hapo, kabla kunata hakujaisha, paka losheni au mafuta yako. Ukisubiri mpaka ukauke kabisa, umechelewa. Lowesha tena uso ndipo upake mafuta.

Ukiona vinatoka vijipande vyeupe usoni kama mabaki ya raba ya kufutia penseli, umezidisha kipimo au umesugua. Punguza matone. Asubuhi malizia na krimu ya kukinga jua, kwani seramu hii haikingi jua hata kidogo.

Mara moja kwa siku inatosha kwa watu wengi.

Juu yake nipake mafuta gani?

Ngozi kavu isiyo na chunusi: mafuta ya nazi yanafaa. Utafiti uliofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2004 uliyalinganisha na mafuta ya madini kwa watu wenye ngozi kavu, na yote mawili yalisaidia. Sisi tulio jirani na minazi ya Pangani hatuna sababu ya kuyadharau. Yawe safi tu, yasiyo na harufu ya kuchacha.

Ngozi yenye chunusi, au mwenye utangotango unaorudirudi: mafuta ya nazi usoni yaache. Huziba vitundu kwa baadhi ya watu, na fangasi wanaoleta utangotango hustawi kwa mafuta ya aina hiyo. Tafuta losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu.

Mafuta ya mgando ndiyo mazuri kuliko yote kwa kuzuia maji yasipae, lakini mchana wa Tanga yanachosha. Yatumie usiku, kiasi cha punje ya dengu uso mzima.

Natia udhu mara tano kwa siku. Nipake saa ngapi?

Hayaluroniki huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya uliyoipaka alfajiri itaondoka ukitia udhu wa adhuhuri. Kuipaka tena kila baada ya udhu ni kupoteza pesa. Ushauri wangu ni kuipaka baada ya isha, ukiwa umeshamaliza na maji, ili ifanye kazi usiku kucha. Mchana, ukishasali, paka losheni kidogo. Kunawa mara nyingi bila kupaka kitu baadaye kunakausha uso, hasa ukiwa kwenye kiyoyozi. Kuhusu mafuta mazito na kufika kwa maji kwenye ngozi wakati wa udhu, hilo muulize sheikh wako.

Inatokana na mnyama? Nataka kujua kama ni halali.

Zamani ilitolewa kwenye undu, yaani kile kishungi chekundu kichwani mwa jogoo. Siku hizi sehemu kubwa ya hayaluroniki ya vipodozi hutengenezwa viwandani kwa uchachushaji unaofanywa na bakteria, bila mnyama. Mwenye kutaka uhakika atafute chupa iliyoandikwa kwamba haina kitokanacho na mnyama, au yenye nembo ya halali.

Gliserini ya duka la dawa haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo?

Inaweza, na ningependa watu wengi zaidi walijue hili. Gliserini ni molekuli ndogo, huingia kwenye tabaka la juu la ngozi na kushika maji humo. Imetumika kwa miaka mingi na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na seramu. Kwa ukavu wa kawaida, losheni yenye gliserini ndani yake itakufikisha kule kule unakotaka kwenda.

Ila usiipake kavu kavu kutoka kwenye chupa. Ikiwa haijachanganywa na maji hunata, na kwa nguvu yake ya kuvuta maji inaweza kuikera ngozi. Bibi zetu waliichanganya na marashi ya waridi, na walikuwa sahihi kuipunguza makali. Changanya kidogo, ya kutumia siku hiyo, kisha paka mafuta juu.

Uso wangu unabana hata kabla ya kupaka chochote, mara tu nikinawa.

Basi achana na seramu kwanza, tazama sabuni. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) ni karibu na 5. Sabuni ya kipande ya kufulia, ile ya magadi hasa, hufika 9 hadi 10. Inaondoa jasho na uchafu, na inaondoa pia mafuta ya asili yaliyokuwa yakizuia maji yasitoke. Ukinawa hivyo asubuhi na jioni, hakuna seramu itakayokuokoa. Tumia sabuni laini ya uso usiku tu. Asubuhi maji yanatosha.

Maji nayo yanachangia. Nyumba nyingi za karibu na bahari hutumia kisima chenye maji ya chumvi, na maji ya namna hiyo huacha mabaki ya sabuni na chumvi juu ya ngozi. Kama unaweza kupata kopo moja la maji ya bomba au ya mvua la kusuuzia uso mwishoni, utaona tofauti haraka kuliko utakavyoiona kwa chupa ya bei ghali. Waogeleaji wa Raskazone vile vile: suuza chumvi ya bahari kabla ya kupaka chochote.

Mimi ni mwanaume. Nikinyolewa ndevu kinyozi ananipaka spiriti, uso unawaka moto. Nipake seramu?

Mwombe kwanza asiipake spiriti uso mzima. Baada ya hapo nawa, paka seramu isiyo na manukato, kisha losheni. Usipake kama kuna mkato unaovuja damu.

Nimepaka, imewasha na kutoa vipele. Ndiyo ngozi inazoea?

Hapana. Seramu hii haina kipindi cha kuzoea. Nawa, iache. Mara nyingi mkosaji ni kitu kingine kilichomo ndani, kama manukato au kihifadhi. Wakati mwingine ni ile hayaluroniki iliyokatwa vipande vidogo sana, ambayo hutangazwa kwamba inazama ndani zaidi. Mwilini, vipande vidogo vya hayaluroniki ni miongoni mwa ishara kwamba pana jeraha, hivyo mwenye ngozi inayokasirika upesi namshauri aanze na ile ya molekuli kubwa, na ajaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla ya kupaka usoni.

Mwenye pumu ya ngozi asijitibu kwa seramu. Ngozi ikiwa na mabaka yanayowasha, kupasuka au kutoa maji, nenda hospitali, iwe Bombo au kituo kilicho karibu nawe.

Je, itaning'arisha?

Haibadilishi rangi. Ngozi yenye maji ya kutosha huakisi mwanga vizuri, basi. Ukiuziwa seramu ya hayaluroniki na ndani ya wiki moja ukaanza kuwa mweupe, kuna kitu kimechanganywa humo. Ninawaomba dada zangu na wadogo zangu mnisikilize hapa: zebaki, haidrokwinoni na steroidi zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na bado mkorogo unapata majina mapya kila mwaka, seramu likiwa mojawapo. Madhara yake hayaishii usoni. Zebaki inaharibu figo. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa ionekane, na ukiiacha ghafla uso unaumuka. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi, usiinunue hata kama anayeiuza ni shoga yako.

Nikisinga kwa liwa, niweke na seramu?

Liwa ikikauka usoni hunyonya maji na mafuta, ndiyo maana uso unakaza. Ioshe, kisha fuata utaratibu ule ule: ngozi mbichi, seramu, mafuta. Baada ya singo ya kusugua, subiri mpaka kesho yake. Ngozi iliyosuguliwa huwashwa na vitu vingi.

Nikinywa maji mengi sihitaji kupaka kitu?

Kunywa maji kwa afya yako, hasa kwenye joto letu. Lakini kwa mtu asiyepungukiwa maji mwilini, kuongeza glasi hakubadilishi sana lile tabaka la juu la ngozi. Lile linahitaji kinga ya nje.

Ni mjamzito. Niendelee?

Endelea, haina tatizo kwa kuwa haizami mwilini. Soma tu viambato vingine: seramu iliyochanganywa na retinoli (aina ya vitamini A) iache mpaka baada ya kunyonyesha, au umuulize daktari.

Nitajuaje kama inanisaidia kweli?

Jaribu nusu uso. Kwa wiki mbili shavu la kulia lipate seramu na losheni, la kushoto losheni peke yake. Usibadilishe sabuni wala kitu kingine chochote katika muda huo. Kila jioni, ukitoka kazini, jishike mashavu yote mawili kabla ya kunawa. Ukikuta hayana tofauti, huna haja ya chupa ya pili, na hiyo si hasara. Umejua ngozi yako inatosheka na losheni. Ukikuta la kulia ni laini zaidi, endelea.

Niihifadhi wapi kwenye joto hili?

Kabatini, penye kivuli, mbali na dirisha. Joto kali huikata ile misururu mirefu ya hayaluroniki na seramu inakuwa nyepesi kama maji. Friji si lazima, ingawa haidhuru. Angalia mchoro mdogo wa kikopo kilicho wazi nyuma ya chupa: umeandikwa 6M au 12M, maana yake miezi sita au kumi na miwili tangu kufunguliwa. Kile kijibomba cha kudondoshea matone kisiguse ngozi, kwa sababu vijidudu vya kidoleni vikiingia ndani hukua upesi kwenye maji ya vuguvugu. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue unga wa hayaluroniki ukajichanganyia nyumbani bila kihifadhi. Seramu ikibadilika rangi, ikitoa harufu au ikaonekana na ukungu, imwage.